Fungate la Watu Watatu



Tangu niolewe swali ni moja tu. Harusini, msibani, hata nikiwa kwenye foleni ya mkate: "Haya bibi harusi, fungate mlikwenda wapi?" Nami hujibu, "India." Mtu hufurahi, akaiona Taj Mahal na kitanda kilichomwagiwa maua. Simsahihishi. Leo nasema. Fungate langu nilikwenda India kweli, lakini tulikuwa watatu: mie, mume wangu na mavyaa. Na siku pekee iliyofanana na fungate ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa Agosti, tulipokwenda kutazama maporomoko ya maji kwa treni na basi, na rupia 2,000 mfukoni kwa watu wote watatu.

Mama ameniruhusu kuandika haya kwa masharti mawili. Nisitaje jina lake, na nisimsahau kima. Kima tutafika kwake, inshaallah.

Nianze na pesa, maana ndipo palipoanzia kinyongo changu. Mwaka mzima kabla ya harusi mie na mchumba wangu, ambaye sasa ndiye mume wangu, tulikuwa na kibubu. Kila mwezi yeye anatia, na mie natia kidogo katika mshahara wangu. Safari ilikuwa ya Uturuki. Nilikuwa na picha za hoteli kwenye simu, najua mpaka rangi ya mapazia. Tukaoana, tukasema tungoje miezi michache nauli ishuke. Mwezi wa nne wa ndoa, wifi yangu alikuwa anamkanda mama mgongo, mkono ukapita kwenye titi, ukakuta uvimbe. Tukaanza hospitali. Mahali pa kwanza tukaambiwa ni mafuta tu, arudi nyumbani. Pa pili wakakunja uso. Mwisho wa yote kikao cha familia kikaamua India, na kibubu kikavunjwa.

Na mie nikajumuishwa katika safari kwa sababu mgonjwa wa kike anahitaji mwanamke wa kumshika. Wifi mmoja alikuwa na mimba kubwa, mwengine ana watoto wa kuwapeleka skuli. Nikasema labda, sawa, ndiyo wajibu. Lakini nilifuta zile picha za hoteli moja moja usiku chooni, na nilikuwa nalia. Nakwambieni ukweli. Silii kwa ugonjwa wa mama, nalilia mapazia.

Tulikwenda Kochi, katika jimbo la Kerala, kusini kabisa. Kama ningefungwa macho nikafunguliwa pale, ningesema nipo Bububu. Minazi, joto lenye unyevu, mvua isiyopiga hodi, mafenesi, harufu ya samaki wa nazi. Hata dini yetu imefanana nao. Waislamu wa huko wengi ni Shafi kama sisi, na wanasema Uislamu uliwafikia kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuja na majahazi kwa pepo zilezile za msimu zilizowaleta kwetu. Tulipanga chumba chenye jiko karibu na hospitali. Wanawake wawili, jiko moja la gesi, na mmoja wao ni mavyaa wako. Waliopitia wanajua. Nikipika mchuzi, nikigeuka kuchukua mwiko, mama keshaongeza chumvi. Hasemi kitu. Anaongeza tu.

Jumamosi walimtoa kipande cha nyama kwa ajili ya kipimo. Majibu Alhamisi. Hapo katikati siku nne za kukaa chumbani mkitazamana. Kufika Jumatatu mume wangu alikuwa keshazipiga hesabu za pesa zetu mpaka karatasi imechanika, na mama alikuwa haongei, anavuta tasbihi tu, na kila mlango ukigongwa anashituka.

Aliyetuokoa ni nesi mmoja. Alikuwa ameshafanya kazi Muscat, na huko, anasema, alisikia sana Kiswahili kwa wagonjwa na wafanyakazi wenzake. Akitusikia tukizungumza alikuwa anacheka, anasema "pole pole, pole pole." Siku hiyo alimwangalia mama akasema msimfungie huyu, mpelekeni akaone maji. Maji gani? Athirappilly. Akaandika jina kwenye karatasi, maana kulitamka tulishindwa sote.

Mume wangu akaitafuta kwenye simu, akampa mama aone. Mashoga zangu, mama alikaa kitako. "Hapa si ndipo alipocheza Aishwarya kwenye mvua?"

Mie sikujua. Kumbe mavyaa wangu, ambaye nyumbani kwake televisheni ni ya mawaidha na taarifa ya habari, ni bingwa wa filamu za Kihindi. Msichana wa Mjini yule. Shangazi yake alikuwa akimpeleka Majestic pale Vuga, na tangu hapo hajaziacha, anazitazama kwa wifi yangu mchana watu wakiwa kazini. Na alisema kweli. Aishwarya Rai alicheza wimbo wa mvua kwenye filamu ya Guru, ya mwaka 2007, hapohapo. Na Baahubali, ile ya shujaa anayepanda maporomoko, maji yake ni hayohayo, ila kompyuta iliyarefusha mpaka yakafika mbinguni. Jioni ile mama alizungumza kuliko siku zote tangu tufike.

Dereva wa teksi aliyekuwa akikaa nje ya hospitali alitaka rupia 4,000 kutupeleka na kuturudisha. Tukamshukuru. Nesi akatwambia watu wa kawaida wanakwendaje, na ndivyo tulivyokwenda.

Sasa kwa wale mnaokwenda India kwa matibabu, na najua ni wengi, sikilizeni. Kutoka Kochi unapanda treni pale stesheni ya Ernakulam Town mpaka mji unaoitwa Chalakudy. Ni mwendo wa saa moja hivi. Tiketi ya behewa la kawaida haikufika rupia 50 kwa mtu. Hakuna kiti chenye namba, anayewahi anakaa, kwa hiyo tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tushasali na tushakunywa chai. Mpeleke mgonjwa mapema kabla ya watu wa maofisini hawajajaa. Mama alipata dirisha. Treni ikavuka mto mkubwa pale Aluva, akasema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Na sisi tunauita Mwera mto."

Chalakudy ukishuka unachukua bajaji mpaka stendi ya mabasi. Bajaji bajaji, ile tunayoipanda Dar, jina lake limetoka kwenye kampuni yao ya Bajaj, ingawa wao wenyewe hawaiiti hivyo, wanasema oto. Stendi kuna mabasi ya watu binafsi yanayokwenda Athirappilly, nauli kama rupia 40. Mabasi yale hayana vioo madirishani, yana turubai la kushusha mvua ikija. Dereva anaendesha kama anafukuzwa. Wanawake wanakaa mbele, wanaume nyuma, na jambo hilo lilimpendeza mama kupita kiasi. Akamtazama mwanawe kule nyuma kabanwa baina ya vijana wawili, akacheka.

Njia ni kilomita 30 hivi na inapanda polepole. Kwanza nyumba zenye bustani, halafu mashamba ya mpira, miti imefungwa vikombe kama ile ya Kichwele, halafu michikichi, halafu msitu. Na pembeni mwa barabara, meza zimejaa shokishoki! Nyekundu, zenye manyoya, vifungu kwa vifungu. Basi liliposimama kupakia watu, mume wangu akachomoka, akanunua kilo kupitia dirishani mwa basi, akarudi mbio basi likiwa limeshaanza kuondoka. Mama akaomba Mungu kwa sauti. Mfuko ukakaa mapajani kwake na haukuondoka.

Kufika getini ni tiketi, na mgeni wa nje analipa zaidi ya mwenyeji. Palituuma kidogo. Lakini tiketi hiyohiyo inakupa pia maporomoko mengine madogo ya Vazhachal, kilomita kama tano mbele, kwa hiyo msiitupe. Sisi hatukufika huko, nguvu za mama zisingetosha.

Toka getini mpaka juu ya mto ni kutembea kidogo, njia imesakafiwa mawe. Unayasikia kabla hujayaona. Mwanzo nilidhani ni mvua inakuja msituni, nikafunua mwavuli. Halafu miti ikaachia nafasi, na mto upo mbele yetu, mpana, umetulia, unapita juu ya majabali meusi kama haujui kinachoungoja. Mbele kidogo haupo. Umekatika. Kilichobaki ni moshi mweupe unaopanda.

Maporomoko yenyewe yana urefu wa futi 80, meta 24 na kitu. Ukiwaambia watu namba hiyo haitishi. Ni kama jengo la ghorofa nane. Lakini Agosti, mvua za kusi zao zikiwa zimejaza mto, si urefu unaouona, ni wingi. Wao wanayaita Niagara ya India. Niagara sijaiona, lakini nilimwelewa aliyesema hivyo. Maji yanatoka kwenye vilima vya Anamalai, yanakwenda mpaka Bahari ya Arabia, na mume wangu, ambaye ni mtu wa ramani, akasema kwa maana hiyo yanaishia katika bahari yetu sisi. Mama akamwambia, "Basi tungeyangoja Forodhani, tusilipe tiketi."

Kuna mambo ya kuangalia. Pale juu hamruhusiwi kuingia maji yalipo na nguvu. Mawe yanateleza kama yamepakwa mlenda, na watu wamekufa pale. Juu zaidi ya mto lipo bwawa la umeme la Peringalkuthu, maji yanaweza kuongezeka ghafla. Miaka mingi ulikuwepo mpango wa kujenga bwawa jengine la megawati 163 hapohapo karibu, na waliopinga ni pamoja na Wakadar, watu wa asili wa msitu ule. Msitu wenyewe unasifika kwa hondohondo, wapo aina nne. Tulimsikia mmoja, sauti yake kama mtu anayekohoa kwenye pipa, lakini hatukumwona.

Na nguo. Abaya yangu ilikuwa ndefu inayoburura, kosa langu, nilitaka picha nzuri. Ikabidi niikunje na kuifunga pini kiunoni. Vaeni fupi ya kufika kifundo cha mguu, suruali ndani, na raba. Mtandio wa hariri uacheni nyumbani, rasharasha zikiupata unanata usoni na hauna heshima tena.

Njia ya kwenda chini, kwenye mguu wa maporomoko, ni mwinuko mkali wa mawe. Mama akatazama, akakaa kwenye kibao cha juu chini ya mti. "Nendeni," akasema. "Fungate lenu hilo. Mie nakaa na shokishoki zangu."

Tukashuka. Sitaandika yote. Ila kule chini hamsikilizani kabisa, maji yanapiga mpaka kifua kinatetemeka, na huna kavu hata moja. Tulisimama tumeshikana mikono, watu wawili waliokuwa hawajashikana mikono wiki tatu, maana kwenye chumba kimoja na mama mzazi unamshika nani? Mume wangu alisema kitu. Nikasema, "Nini?" Akasema tena. Sikusikia. Akatikisa kichwa, akacheka, tukabaki vile. Mpaka leo nikimuuliza alisema nini ananiambia amesahau.

Kupanda nilipanda peke yangu mbele, yeye alibaki kupiga picha. Nikamkuta mama amemenya shokishoki nyingi kuliko alizokula. Nikakaa. Akanimenyea moja akanipa. Halafu akauliza, bila ya kunitazama:

"Uturuki nako kuna maporomoko?"

Moyo wangu ulishuka mpaka tumboni. Sikuwahi kumwambia habari ya Uturuki. "Sijui, mama."

"Kanambia yule," akaelekeza kidevu upande wa mwanawe. "Zamani. Kabla ya harusi. Alikuwa na furaha, hawezi kuficha kitu."

Nikanyamaza. Yeye alikuwa amebakisha kokwa ya shokishoki mkononi, anaizungusha kwa vidole.

"Nilikijua hiki," akasema. "Siku ile fundi ananipima sare ya harusi yenu. Kanyanyua mkono wangu, nikajishika hapa, nikakikuta. Kadiri ya hii." Akanionesha kokwa.

Mashoga, hesabuni wenyewe. Sare zilipimwa miezi miwili kabla ya harusi. Wifi alikuta uvimbe mwezi wa nne wa ndoa. Miezi sita mwanamke huyu alikuwa nao, akapika, akaalika, akachagua kanga za kutunza, akasimama ukumbini katika viatu vya kubana akipokea wageni mpaka saa sita usiku. Ukumbi ambao mie ndiye niliyeutaka. Wao walisema tufanye nyumbani, nikanuna, wakaufuata moyo wangu.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme, halafu? Yule angeahirisha. Watu wa Pemba washakata tiketi za boti." Akaitupa kokwa kichakani. "Na akiahirisha harusi kwa ajili yangu, wewe ungenipenda?"

Sikujibu. Nilikuwa nazijua zile usiku za chooni. Nilijua jibu na yeye alilijua, na alikuwa haniulizi kwa ubaya. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza bei.

Halafu nikakumbuka kitu, mwili ukanisisimka. Siku ya kwanza daktari aliuliza, umekihisi tangu lini? Mama akasema, mwezi uliopita. Mie ndiye niliyefasiri. Daktari akaandika kwenye fomu: mwezi mmoja.

"Mama, daktari lazima ajue. Si mwezi. Ni zaidi ya miezi minane sasa."

"Nitamwambiaje? Mie Kihindi changu cha sinema, na hawa hata Kihindi chenyewe hawasemi." Hiyo ni kweli, Kerala wanasema Kimalayalam, na mama tangu tufike alikuwa amekasirishwa nalo. Akavuta pumzi. "Utamwambia wewe. Na mume wako utamwambia wewe. Mie siwezi."

Na hapo, wakati nimeshika mkono wake na machozi yananitoka, kima akatua.

Kima wa huko si kama kima punju wetu wa Jozani, wanaokaa juu wanakula majani yao kwa adabu. Hawa wana nywele zimechanwa pande mbili kama karani wa mahakama, na ni wezi wa mchana. Alitua baina yetu kwenye kibao, akatia mkono kwenye mapaja ya mama, akaushika mfuko wa shokishoki. Mama akaushika upande wake. Wakavutana. Mama akasimama, mgonjwa yule, akavua kanga begani akaikunja kama fimbo akampiga nayo huku anapiga kelele, "Jao! Jao! Chalo!" Kihindi chake chote cha miaka arobaini kikamtoka siku ile. Mfuko ukapasuka. Shokishoki zikamwagika zikafingirika kwenye mawe, kima akachukua mbili, moja kila mkono, akapanda mtini, akakaa kuzimenya akitutazama. Familia moja ya Kihindi iliyokuwa karibu ilikuwa inacheka mpaka mtoto wao kakaa chini. Mume wangu alipofika alitukuta mama na mie tumeshikana, hatuwezi kusema kwa kicheko, na machozi yangu yalipita bila ya kuulizwa.

Sasa habari ya sala, maana najua mtaniuliza. Hatukukusanya wala kufupisha. Tulikuwa tushakaa Kochi wiki na tunajua tutakaa zaidi, kwa hiyo hukumu yetu ni ya mkaazi, na safari ile kwenda tu ni kilomita 70 hivi, na mashekhe zetu wengi wanahesabu safari ya kufupisha kuwa ni kilomita 80 na kitu. Wewe muulize shekhe wako. Adhuhuri ilituingilia pale maporomoko, saa sita na nusu kwa saa zao, ambazo zimetutangulia saa mbili na nusu. Misikiti mingi ya huko haina sehemu ya wanawake, kwa hiyo msitegemee mnara tu. Tafuteni mgahawa wa Waislamu. Tuliuona mmoja nje ya geti, mwanamke kwenye meza ya pesa kajitanda, nikamtolea salamu. Akatazama sura zetu, akatazama abaya yangu iliyorowa mpaka magotini, akasema neno moja kwa kuuliza: "Niskaram?" Ndivyo wanavyoiita sala. Akatupandisha ghorofani, chumba kidogo, jamvi, ndoo ya maji, mlango una komeo. Mama alisali amekaa. Sijdah yake ya mwisho ilikuwa ndefu mpaka nikafungua jicho kumtazama kama yu mzima.

Tukala hapohapo. Muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki mwekundu wenye ukwaju. Wallahi muhogo! Wenyewe wanauita kappa. Mama akautia mkono, akaonja, akanyamaza, akasema, "Chumvi yake sawa." Nikamtazama. Akatazama pembeni, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

Nakutahadharisheni na jambo moja. Njiani mtaona vibanda vyenye kibao cheusi na maandishi meupe makubwa, na harufu ya samaki inayotoka humo inaita kwa jina. Tulikaribia kuingia kimoja pale Chalakudy wakati wa kurudi. Mzee mmoja kwenye baiskeli akatusimamisha kwa mikono yote miwili, anatikisa kichwa. Vibanda vile ni vya tembo la mnazi.

Alasiri tuliisali mwisho wa jukwaa la stesheni, juu ya kanga ileile iliyompiga kima. Hakuna aliyetushughulikia. Treni ya kurudi ilikuwa imejaa, kijana akamwachia mama nafasi, na mie nikasimama mbele yake. Katikati ya njia akanivuta mkono, akajisogeza, tukakaa wawili kwenye nafasi ya mtu mmoja. Akalala begani kwangu mpaka Ernakulam. Magharibi ilitukuta chumbani. Katika zile rupia 2,000 zilirudi 130, na mume wangu akaziandika kwenye karatasi yake iliyochanika.

Nilimwambia usiku huohuo. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka akakaa kwenye ngazi, na sikumfuata.

Alhamisi majibu yakawa yale tuliyoyaogopa. Hatua ya pili. Kabla daktari hajaendelea nikamwomba arudi kwenye fomu ya kwanza, nikamweleza tarehe ya kweli. Hakugomba. Alikata alichoandika, akaandika upya, akamuuliza mama maswali ambayo siku ile hakuyauliza, akaongeza kipimo kimoja. Upasuaji ulifanyika wiki iliyofuata, halafu zikaja dripu za kemo. Nilikaa naye miezi mitano. Nilimuogesha, nilimnyoa nywele zilipoanza kutoka, tuligombana kwa mambo mengi na tukapatana kwa mengi. Sasa yupo nyumbani, alhamdulillah, anarudi kwenye vipimo kila baada ya miezi sita, na nywele zimeota nyeupe na laini kama za mtoto.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, alipoanza kunywa uji, aliomba simu yangu. Akataka kuziona picha za maporomoko. Nikamshikia, nikawa nampitishia. Mto. Moshi. Mie na mume wangu kule chini, tumerowa kama kuku. Yeye kwenye kibao na mfuko wake mapajani. Akazitazama zote mpaka ya mwisho, akarudi nyuma, akazitazama tena, akanikunjia uso.

"Na kima yuko wapi?"